Zakayo Juu ya Mkuyu



Nilipokuwa mtoto huku Goma, sisi watoto wa mtaa tulipenda sana kupanda miti mirefu: mikaratusi, ambayo huparamiwa kwa kukumbatia shina, na miti ya avoka, ambayo matawi yake huvunjika upesi. Toka juu tuliona maji ya ziwa Kivu, na upande wa kaskazini moshi wa Nyiragongo. Aliyefika juu kupita wenzake alijiona mfalme. Lakini mama alipoita toka chini, sote tulijifanya viziwi. Kupanda ni furaha. Kuteremka kwa kuitwa ni kazi nyingine.

Mtakatifu Luka, katika sura ya 19 ya Injili yake, asimulia habari za Zakayo wa Yeriko, mkubwa wa watoza ushuru. Alikuwa tajiri, tena mfupi wa kimo, na umati ulimzuia asimwone Bwana Yesu. Basi akatangulia mbio, akapanda mkuyu. Fikirini: mtu mzima, mwenye fedha na cheo, aning'inia matawini kama mtoto! (Heri ulikuwa mkuyu, wenye matawi ya chini, mkaratusi ungalimshinda.)

Wengi wakiisimulia habari hii huishia mtini. Ninyi msiishie hapo. Bwana Yesu hakumsifu kwa kupanda. Alimwita ashuke upesi, kwani siku ile alitaka kukaa nyumbani mwake. Naye akashuka kwa furaha, akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne.

Kujifunza sala na katekisimu ndiko kupanda mkuyu. Ni vema, tena mmefanya kwa bidii. Lakini mwajua yaliyotokea tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipopasuka na mto wa moto ukapita katikati ya Goma hadi ziwani. Ulipopoa, mawe meusi yalikuwa yamefunika viwanja pamoja na mipaka yake. Pengine mtu, alipojenga ukuta wake upya, alisogea hatua tatu upande wa mjane jirani. Mjane yule angali hai, na hatua zile tatu zapimika. Atakaye kubatizwa usiku wa Pasaka asingoje kuulizwa na padri. Aende kwake kabla ya Kwaresima, achukue shahidi mmoja na kamba ya kupimia.