Masale Yamekatwa: Je, Nisamehe au Nidai Mpaka?



Vijana wenzangu, leo naomba tuongee jambo ambalo silisikii sana kwenye mafungo wala semina zetu, lakini limeua salamu kati ya watu wengi wanaokaa benchi moja kanisani. Ni mpaka. Yaani mpaka wa kiwanja kabisa, si mfano.

Kwetu ni pembezoni mwa mji wa Moshi. Marehemu baba alishuka kutoka Kibosho kwa sababu kihamba cha babu kilishagawanywa kwa watoto wa kiume mpaka hakigawanyiki tena, akanunua kiwanja kilichopimwa huku chini. Bikoni zilikuwepo, ila baba hakuridhika na mawe ya serikali peke yake. Alipanda masale kutoka bikoni hadi bikoni, kama kule juu. Kwa msiotoka Kilimanjaro: sale ni mmea wa majani marefu ambao Wachagga tunautumia kuonesha mpaka wa kihamba. Na ni jani la mmea huo huo mtu analompelekea aliyemkosea anapokwenda kuomba msamaha. Nimekua nikiyaona masale kila siku na sikuwahi kujiuliza kwa nini mmea mmoja una kazi hizo mbili.

Nilipofika likizo ya Noeli nilikuta masale kama manane hayapo. Mahali pake umesimama ukuta wa tofali za bloku, umefika usawa wa lenta. Jirani yetu anajenga vyumba vya kupangisha. Alianza wiki ambayo mama alikuwa kijijini kwenye msiba. Aliporudi, zege la msingi lilishakauka na bikoni moja haionekani. Kibali cha ujenzi hana, hilo mtaa mzima unalijua. Na kwa jinsi paa litakavyokaa, maji yatamwagikia kwetu, kwenye ukuta wa chumba anacholala dada yangu na mwanae. Aliyewahi kukaa Moshi mwezi wa nne anajua mvua ninayoisema.

Mama akaniuliza, "Wewe ndiyo umesoma. Unasemaje?"

Nikasema kile nilichodhani ni Injili. Nikamwambia tumwachie tu, ni kama futi moja na nusu, Yesu alifundisha kwamba anayetaka kukunyang'anya kanzu umwachie na joho. Nilisema kwa sauti ya upole sana, ile ya mahubiri. Mama alikuwa anachambua mnafu. Hakuinua kichwa.

"Frateri," (ananiita hivyo akikasirika) "hicho kiwanja ni chako?"

Jamani. Nina shahada ya falsafa, nimeandika kurasa nyingi juu ya haki, na swali hilo la maneno manne lilininyamazisha mpaka usiku. Hati ina jina la mama. Chumba kitakachopigwa na maji ni cha dada. Mimi nina kitanda seminarini na paa halivuji. Nilikuwa mkarimu kwa mali ya mjane, na nikauita ukarimu huo utakatifu.

Ukisoma vizuri maneno yale ya Bwana, kanzu inayozungumziwa ni yako na shavu linalogeuzwa ni lako. Haki, kama walimu wa kale walivyotufundisha, ni kumpa kila mmoja kilicho chake. Naweza kuacha haki yangu kwa upendo. Haki ya mwingine siwezi kuiacha kwa niaba yake, maana sikuwa nayo. Ndiyo sababu Nabothi wa Yezreeli simwoni kama mbahili alipomnyima mfalme Ahabu shamba la mizabibu. Lilikuwa urithi wa baba zake, halikuwa lake peke yake. Na Torati, kwenye Kumbukumbu la Torati, inakataza kusogeza alama ya mpaka wa jirani, na mbele kidogo inamlaani anayefanya hivyo. Zamani nilidhani ni mambo ya wakulima wa kale. Sasa najua ni kwa ajili ya mama mmoja aliyekwenda msibani.

Basi nikahamia upande wa pili, tena kwa kasi. Kaka yangu yuko Dar, na kwenye grupu la familia alishaamua: "Hana kibali huyo. Nendeni halmashauri waje wampige X nyekundu, mchezo umeisha." Nilifurahi, nakiri. Nilishaiona rangi ikichuruzika ukutani. Mpaka nilipotoka kwenda kuoga, nikapita kwenye vyumba vyetu viwili vya uani, ambavyo baba alivijenga nikiwa darasa la tano. Kibali? Hakuna. Hakikuwahi kuombwa.

Hapo ndipo nilipoona tunafanya nini. Sheria ya ujenzi si kitu kibaya. Ipo ili hewa na mwanga vipite, maji yapate njia, gari la zimamoto lifike, nyumba isimwangukie mtoto wa mtu. Ni ulinzi wa manufaa ya wote. Lakini sisi hatukuwa tunayawaza manufaa ya wote. Tulikuwa tunatafuta jiwe, na kibali kilikuwa karibu na mkono. Jirani ana makosa mawili: moja la kujenga bila ruhusa, ambalo tunashiriki naye, na jingine la kuingia kwetu na kutumwagia maji. Tulitaka kumwadhibu kwa lile la kwanza kwa sababu ya hasira ya lile la pili.

Sisemi kwamba kwenda kwenye mamlaka ni dhambi. Mtume Paulo aliwakemea Wakorinto kwa kushtakiana mahakamani, akawauliza kwa nini wasivumilie kudhulumiwa. Lakini yeye mwenyewe, mbele ya Festo, alikata rufaa kwa Kaisari. Ila Yesu ameweka mpangilio, uko Mathayo sura ya 18: kwanza nenda wewe na yeye peke yenu, kisha mchukue mmoja au wawili, kisha jumuiya. Mitaani kwetu tunaanza kwenye grupu, tunapita jumuiya kwa umbea, tunafika kwa mwenyekiti wa mtaa, na mkosaji mwenyewe anasikia mwisho. Inashangaza kwamba hata sheria ya nchi imeelekea huko: tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza la kata halihukumu tena kesi za ardhi, linasuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Nikaenda jioni, peke yangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba Frateri, karibu. Umekua."

Chai ikaletwa. Akaniambia anajenga ili alipe ada za watoto, kazi ya gereji imeshuka. Kisha akasema baba yangu, enzi za uhai wake, alimruhusu kwa mdomo ajenge hadi kwenye masale. Labda ni kweli. Marehemu hawezi kuulizwa. Nikasema, "Hadi kwenye masale, baba. Hukuishia kwenye masale, umeyakata." Akanyamaza, akasema ni mafundi. Hapo ningeishia ningefanya vizuri. Lakini nikaongeza, "Na kibali huna." Sikupanga kulisema, lilitoka lenyewe. Akasimama. "Kumbe umetumwa," akasema, na chai yangu haikuisha.

Kwa hiyo nilishindwa. Naliandika hili kwa sababu makala zetu nyingi, frateri akienda kuongea na mtu, mtu huongoka.

Hatua ya pili aliisimamia mama. Alimwomba mwenyekiti wa jumuiya na mzee mmoja aliyekuwepo siku baba ananunua kiwanja. Wakaja na futi kamba na nakala ya ramani ya upimaji, wakapima kutoka bikoni iliyobaki. Ukuta umeingia kwetu sentimita 45. Jirani alisimama ameikunja mikono. Nilidhani mama atasema uvunjwe, na alikuwa na haki hiyo. Akasema:

"Shemeji, hizo sentimita nakupa. Sitaki uvunje, watoto wako wanasoma. Ila hukuzichukua, nimekupa. Tuandike hivyo, na maji ya paa uyageuzie kwako."

Tangu siku ile naitafuna kauli hiyo kuliko kitabu chochote. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anapojadili mali katika Summa anasema ni halali watu kuwa na vyao, na sababu yake mojawapo ni amani, kwa kuwa pasipo mgawanyo ugomvi huzidi. Papo hapo anasema kwamba katika matumizi mtu awe tayari kumshirikisha mhitaji. Nilipokuwa darasani niliziona ni hoja mbili zilizounganishwa kwa nguvu. Mama alizishika zote kwa pumzi moja. Asingeweza kumpa jirani kitu ambacho jirani anasema ni chake tayari. Kama angenyamaza, kama nilivyomshauri mimi, isingekuwa zawadi wala msamaha. Ungekuwa wizi uliozoeleka, na yeye angepita pembeni ya ukuta ule kila asubuhi akiwa na donge kooni huku akijiambia amesamehe.

(Wanasheria mtaniambia karatasi ya serikali ya mtaa haihamishi mpaka ulio kwenye hati. Sawa, kazi hiyo ni ya mpima ardhi, na kaka ameshaulizia gharama.)

Jirani hajasaini. Nadhani kinachomkwama si maji, ni lile neno "nimekupa". Kulikubali ni kukubali kwamba alichukua, na hilo kwa mwanaume wa umri wake ni gumu kuliko kuvunja ukuta. Mama amemwambia hana haraka, ila bati likipanda kabla ya karatasi, atakwenda baraza la kata, na amemwambia hivyo uso kwa uso, si kwa mtu wa kati. Jumapili baada ya Misa anamsalimia kama zamani. Dada yeye bado hajaweza, na mama hajamlazimisha.

Mimi nimerudi seminarini. Nimemwandikia kaka kwamba tuanze kushughulikia kibali cha vyumba vyetu vya uani. Ujumbe ameusoma, tiki mbili za bluu, hajajibu. Ukuta bado uko kwenye lenta, na masika inakaribia. Mniombee, na muiombee nyumba ile ya jirani yetu pia.