Salama kwa Nani?

"Bora mifupa ibaki hukohuko kwa Wajerumani, kaka. Huku ingekwisha zamani." Rafiki yangu aliyasema hayo siku ya Saba Saba. Watu walikuwa wamefurika kwenye viwanja vya maonyesho, nasi tukaamua kuitumia sikukuu yetu katika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, kisha Kijiji cha Makumbusho kule Kijitonyama. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na hapo ndipo iliponiuma. Hoja ya mnyang'anyi ikishatoka kinywani mwa aliyenyang'anywa, imeshinda bila kupigana.

Mifupa yenyewe ni ya mijusi wakubwa wa kale, yaani dinosaria, wa Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Majimaji kuzimwa kwa risasi na njaa, zaidi ya tani 200 za mawe na mifupa zilibebwa na wapagazi mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini Lindi, zikasafirishwa Ujerumani. Mjusi mmoja alisimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin mwaka 1937. Leo ana kimo cha zaidi ya mita 13, na bado watu wanapanga foleni kumtazama.

Kumiliki ni nini, kutunza ni nini, makumbusho ni nini: wataalamu wamekwisha kueleza, nami sina ugomvi nao. Ninachokataa ni pale mtu anapotoka kwenye kutunza akarukia kumiliki, kwamba anayejua kukihifadhi kitu ndiye anayestahili kuwa nacho.

Kwanza, si kweli hata kwa hesabu zao wenyewe. Februari 1945 mabomu yalibomoa upande wa mashariki wa makumbusho hayohayo ya Berlin. Mjusi wetu alisalimika kwa sababu alikuwa ameshafunguliwa na kuteremshwa ghalani chini ya jengo. Mwenzake kutoka Misri, Spinosaurus, hakuwa na bahati hiyo: mifupa yake iliteketea Munich mwaka 1944, mji uliposhambuliwa kwa ndege. Na mwaka 2023 British Museum ya London ilikiri kwamba vitu vyake vipatavyo 2,000 vimepotea, vimeibwa au vimeharibiwa. Wakati Berlin inawaka moto, nani alisema mifupa irudishwe Lindi ambako hakukuwa na bomu hata moja? Hoja ya usalama ni mto unaotiririka upande mmoja tu.

Lakini tuseme takwimu zote zingekuwa upande wao. Bado hoja haisimami. Kama ubora wa banda ndio unaotoa haki, jirani yangu mwenye ukuta na mlinzi aje leo achukue mbuzi wangu, na mimi nimshukuru. Na uwezo huo wa kutunza haukuota kama uyoga. Ni bajeti, ni shule, ni miaka mingi ya kufanya kazi na vitu vyenyewe. Ukimnyima mtu kitu kwa miaka mia moja, kisha ukamlaumu kwamba hajui kukishika, umemshitaki kwa kosa ulilolitenda wewe. Sisi tulipopewa nafasi, tulishika. Fuvu la Chifu Mkwawa lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na liko Kalenga, Iringa. Fuvu la Zinjanthropus, lililovumbuliwa Olduvai mwaka 1959, linatunzwa na Makumbusho ya Taifa hapahapa Dar es Salaam. Rafiki yangu alikuwa ametoka kusoma habari zake dakika chache kabla ya kuniambia kwamba huku hakuna kinachodumu.

Tena, "salama" maana yake salama kwa nani? Kule Kijiji cha Makumbusho nyumba ni za miti, udongo na nyasi. Mvua inazila, mchwa wanazila, na fundi anakandika na kuezeka upya. Kinachohifadhiwa pale ni mkono unaojua kuezeka. Nyumba isiyoguswa ingedumu zaidi kabatini, na ingekuwa imekufa. Kudumu peke yake si heshima.

Ziko hoja za haki upande wa pili pia. Kwamba mifupa ya miaka milioni 150 ni mikongwe kuliko taifa lolote, nakubali. Kwamba Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la makumbusho, iliporomoka Zanzibar, nakubali, na inauma.

Lakini tukiuliza nani anajua kutunza, siwezi kumpita Boheti bin Amrani. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji Tendaguru, mtu aliyejua kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja. Wataalamu walipogawa majina ya kisayansi, mjusi mkubwa alipewa jina la Branca, profesa wa Berlin, na mwingine la Janensch, kiongozi wa uchimbaji. Boheti alisubiri hadi mwaka 2007, ndipo mjusi mmoja alipoitwa Australodocus bohetii. Mwaka 2019 akafuata Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, mmoja wa wafanyakazi wa pale. Kwa hiyo watu waliodaiwa hawajui kutunza ndio walioichimba, wakaifunga na kuibeba hadi pwani, na ikafika nzima.

Je, irudishwe? Suala la mjusi limefika bungeni zaidi ya mara moja, na mimi bado nasita. Nasita kwa sababu naijua hatua inayofuata. Mifupa ikitua nchini, mtu wa Dar es Salaam atasema Lindi hakuna jengo, hakuna wataalamu, hakuna watalii, bora ikae mjini. Hoja ileile, kwa Kiswahili fasaha, na huenda ikatoka kwa rafiki yangu au kwangu mimi mwenyewe. Sijui namna ya kuwadai Wajerumani kile ambacho sisi wa mjini tungewanyima watu wa Lindi.

Ila yeyote anayesema mifupa iko salama, akumbuke na hili: mwanafunzi wa Lindi anayetaka kumwona mjusi aliyechimbwa mkoani kwake anahitaji viza.