Taa Zenye Mikia

Kijana mmoja mpiga picha wa Dar es Salaam alipata tenda ya picha ya kalenda: Daraja la Nyerere, Kigamboni, usiku, taa zote zimewaka. Alifika upande wa Kurasini kabla ya magharibi, akasimamisha stendi, akakaza kila mguu, akafunga lenzi ya kuvutia mbali. ISO 100, shata wazi kwa sekunde 15. Hata taima aliiweka, kidole kisije kikaitingisha kamera. Kwenye kioo kidogo cha kamera picha zilionekana safi kabisa.

Kompyuta ndiyo iliyomuumbua. Alipozikuza, kingo za zile nyaya nene zinazoshikilia daraja zilikuwa zimefutika, na kila taa imeota mkia kama kiluwiluwi. Mikia yote ilielekea upande mmoja. Angeitazama vizuri ingemwambia kitu, maana upepo hutikisa huku na huko. Mkia ulionyooka ni wa kitu kinachosogea polepole. Yeye aliilaumu stendi. Akaiuza kwa hasara, akakopa, akanunua nzito zaidi. Mikia ikabaki palepale. Ndipo akaibeba lenzi kwa fundi Kariakoo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Ina nini?”

Fundi hakushika bisibisi. Aliifunga lenzi kwenye kamera, akabonyeza shata nusu, akamsogezea sikioni. Ndani kulikuwa na mvumo mwembamba.

“Ukiwa kwenye stendi huwa unaizima hii?”

“Naizima nini, mzee?”

Mvumo ule ni wa mfumo wa kutuliza mtikisiko. Canon ndio waliotangulia kuuweka kwenye lenzi ya kubadilisha, mwaka 1995. Una swichi yake ya kuuzima; wao huuita IS, Nikon huuita VR. Vihisio vidogo hupima jinsi kamera inavyoyumba, kisha sumaku husukuma kipande cha kioo upande wa pili kufidia. Mkononi ni msaada mkubwa. Juu ya stendi hakuna cha kufidia, lakini vihisio havinyamazi kabisa: kosa dogo la kipimo hujilimbikiza sekunde baada ya sekunde, kioo kinajongea, na picha inajongea nacho. Tena kwenye baadhi ya lenzi mtetemo wa mfumo wenyewe hurudi kwenye vihisio, ukahesabiwa kuwa mtikisiko mpya, mfumo ukaanza kujifukuza.

Si kwamba kila lenzi ina ugonjwa huo. Zipo zinazotambua zenyewe kwamba zimewekwa kwenye stendi zikatulia, na kamera zinazosogeza sensa badala ya kioo zina tabia zao. Kitabu cha maelezo husema, ingawa wengi wetu hukiacha kwenye boksi. Ukiwa na stendi ya mguu mmoja, uache mfumo ukiwa umewashwa, kwa sababu hapo kamera bado inayumba. Usipokuwa na uhakika, piga picha mbili za kitu kilekile, moja umezima, moja umewasha, uzikuze kabla hujaondoka. Ni kazi ya dakika moja; stendi mpya ni deni la miezi.

Fundi hakumtoza kitu. Kijana alirudi Kurasini, akazima swichi, taa zikatoka kama nukta, na picha ikapokelewa. Jumamosi yake alikuwa ukumbini kwenye harusi, kamera mkononi, shata 1/30, swichi bado imezimwa.