Mguu wa Jirani

Ziko taabu ambazo mwanadamu hawezi kulaumiwa kwa kutoziondoa. Mwenye ugonjwa usio na dawa, au mwenye kuhitaji mashine isiyopatikana katika nchi nzima, twamhurumia na kumwombea, na dhamiri yetu hubaki tulivu. Lakini twasemaje juu ya taabu ipunguzwayo kwa maji, kipande cha sabuni na jozi ya viatu, ambayo hata hivyo huachwa ikue miaka ishirini katika nyumba ya jirani? Hilo ndilo swali tunalotaka kuwawekea wasomaji wetu, kwa ajili ya ndugu zetu wenye miguu iliyovimba.

Sisi wa nchi za juu tumezoea kusema kwamba matende ni ugonjwa wa pwani. Ni kweli kwa sehemu. Matende ya Tanga, Lindi, Mtwara na Visiwani hutokana na minyoo midogo mno iletwayo na mbu, nayo huharibu njia za limfu, yaani maji yale mepesi yapitayo mwilini nje ya mishipa ya damu. Mwaka 2000 serikali ilianza kisiwani Mafia kuwagawia watu dawa za kupambana na minyoo hiyo, na vita hivyo vimefika mbali. Basi mtu wa bara avimbapo mguu, naye hajapata kukaa pwani, majirani hukosa sababu. Na palipokosekana sababu, uchawi hutajwa upesi. Huyu husema amekanyaga kitu alichotegewa, yule husema ni laana ya ukoo.

Sababu ipo. Mwaka 1956 madaktari waliandika, katika jarida la madaktari wa Uingereza, habari za matende yasiyo ya minyoo katika wilaya ya Mbulu, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Arusha katika Jimbo la Kaskazini. Mwaka 1988 zikaandikwa habari za namna hiyo za wagonjwa 30 wa Iringa. Daktari Ernest Price, aliyefanya kazi Ethiopia, ndiye aliyeueleza ugonjwa huu vizuri na kuuita podokoniosi, jina lililotungwa kwa maneno ya Kigiriki ya mguu na vumbi. Udongo mwekundu wa volkeno, katika nchi za juu zenye mvua nyingi, una chembe ndogo mno. Mtu akitembea na kulima peku miaka mingi, chembe hizo humwingia katika ngozi na kuziharibu njia za limfu. Maji hukosa pa kupita, na mguu hujaa.

Mkazi wa Elerai, auonaye Mlima Meru kila asubuhi, hana haja ya kuambiwa volkeno ni kitu gani. Mlima ule ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, na migomba na kahawa ya chini yake hunawiri kwa udongo huo hata leo. Hatutaki kumtia mtu hofu: si kila udongo wa volkeno una madhara, wala si kila apitaye peku huugua. Lakini mguu ukivimba kando ya mlima ule, yafaa kuuliza habari za viatu kabla ya kuuliza habari za wachawi.

Na neno la ukoo je? Hapa tuseme kweli yote. Uchunguzi wa Ethiopia uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba urithi una sehemu yake: wako watu walio wepesi zaidi kudhuriwa na udongo huo. Lakini tazameni jinsi kweli hiyo inavyotumiwa. Binti hukataliwa uchumba kwa ajili ya mguu wa mama yake, kumbe binti huyo akivaa viatu tangu utoto aweza kuepukana na ugonjwa huo kabisa. Ukoo uliopaswa kuwa wa kwanza kununuliwa viatu umekuwa wa kwanza kusemwa. Mitume nao waliuliza, walipomwona kipofu, kama kosa ni lake au la wazazi wake, nao hawakukubaliwa.

Ugonjwa huu hauambukizi kwa kushikana mikono wala kwa kula sahani moja. Harufu, ambayo huwafukuza watu na kumfanya mgonjwa aache hata kwenda kanisani, si ya uvimbe wenyewe. Hutoka katika mikunjo na nyufa za ngozi zilizoingiwa na vijidudu. Ndivyo hivyo pia viletavyo homa kali na maumivu ya kuwaka moto, yamlazayo mkulima siku kadhaa msimu wa palizi. Mguu ukioshwa kila siku kwa maji safi na sabuni, ukakaushwa vizuri hata kati ya vidole, ukapakwa mafuta, ukainuliwa wakati wa kupumzika na kuvikwa kiatu kisichobana, harufu hupungua, na homa pia. Jambo hili lilipimwa kaskazini ya Ethiopia kwa wagonjwa karibu mia saba, na matokeo yakatangazwa mwaka 2018: waliofundishwa kujitunza hivyo walipatwa na homa mara chache kuliko wenzao. Mguu haurudi kuwa kama wa zamani, lakini mtu hurudi shambani.

Wako watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya hospitali. Hospitali ina kazi yake, ya kutambua ugonjwa na kufundisha. Maana si kila uvimbe ni wa udongo, na hata mwanamke aliyetibiwa saratani ya titi aweza kuvimba mkono kwa sababu njia za limfu zimeguswa. Lakini mguu huoshwa nyumbani, kila siku. Mama mzee asiyeweza kufika bombani anahitaji mtu wa kumtekea ndoo. Viatu vya dukani havimwingii. Fundi viatu aweza kumshonea vipana vya kufunika mguu, kwani katambuga za matairi huacha vumbi liingie. Haya si mambo ya kungojea fadhili za wageni. Kadiri dawa ilivyo rahisi, ndivyo udhuru wetu unavyopungua, na kile tulichokiita sadaka chaelekea kuwa deni.

Wengine hunyamaza kwa adabu, wakigeuza macho wasimwaibishe mgonjwa. Twaifahamu nia yao. Lakini yeye hajui kama mwenzake amegeuka kwa heshima au kwa kuchukizwa. Ajualo ni kwamba hakuna amtazamaye. Ni afadhali kumwuliza waziwazi mguu unaendeleaje, kama tuulizavyo habari za kikohozi.

Tena wazazi waangalie mapema. Mwanzoni uvimbe wa podokoniosi huonekana jioni, na asubuhi umekwisha shuka, hata kijana hudhani ni uchovu wa shamba. Wakati huo ndipo sabuni na viatu vinapofaa kuliko wakati wowote mwingine.