Jembe la Siku ya Tatu

Johnny ameandika barua. Amekaa Uingereza tangu ujana wake, akifanya kazi katika kiwanda cha magari cha Ford kule Dagenham, mashariki mwa London, na sasa kiwanda kinapunguza watu. Hana mke wala mtoto. Kila kiangazi huja likizo Ireland, kwa ndugu yake Jamesie na shemeji yake Mary, kando ya ziwa. Safari hii anawaza kurudi moja kwa moja. Jamesie na Mary wakishaisoma barua hiyo, amani inawatoka. Wanakwenda kwa jirani yao Ruttledge, mtu wa kalamu, awasaidie kujibu. Jibu linaandikwa kwa maneno laini kabisa, na maana yake ni moja: usije.

Hiyo ni riwaya ya John McGahern, That They May Face the Rising Sun, iliyotoka mwaka 2002. Nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikifika kwenye barua hiyo nakiweka kitabu chini. Jamesie angekuwa mtu mbaya, mambo yangekuwa rahisi. Lakini ndiye mtu mwema kuliko wote kitabuni: mcheshi, mdaku asiye na sumu, jirani anayefika na msaada kabla hujauomba. Je, mtu wa namna hiyo anaweza kumfungia ndugu yake mlango na akabaki kuwa mtu mwema?

Nina sababu ya kuuliza. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kitui kwenye shamba aliloacha baba yetu, na mdogo wangu amefanya kazi bandarini Mombasa tangu akiwa kijana. Naye amestaafu. Hakuandika barua, alituma ujumbe wa simu, mistari miwili, akitaka kujua kama ile nyumba ya mama bado ina paa.

Kitabu chenyewe nilipewa na padre mmoja wa Ireland, wa lile Shirika la Mtakatifu Patrick ambalo wengi hapa tunaliita Kiltegan, kwa jina la kijiji kilicho katika wilaya ya Wicklow lilikoanzishwa mwaka 1932. Mapadre wao ndio waliotubatiza wengi wetu Kitui. Padre huyu alizeekea huku, akazungumza Kikamba cha kuchekesha na Kiswahili cha kuheshimika, na macho yalipoanza kufifia wakuu wake wakamwita nyumbani. Kabla ya kuondoka aligawa vitabu vyake. Mimi nikapata McGahern, na ndani yake kikaratasi: Mwalimu, soma habari za Johnny, kisha uniambie kama Jamesie alitenda dhambi.

Huwezi kumhukumu Jamesie bila kujua ardhi ya Ireland ilivyokwenda. Zamani mashamba yaligawanywa kwa wana wote, yakagawanywa tena kwa wajukuu, mpaka jamaa nzima ikawa inaishi kwa viazi vya kipande kisichotosha kufungia mbuzi. Viazi vikaoza mwaka 1845. Kufikia 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na wengine milioni moja au zaidi wamepanda meli. Waliobaki walijifunza somo kali: shamba lisigawanywe tena. Mwana mmoja arithi. Wengine waende seminari, utawani, au ng'ambo. Wilaya ya Leitrim, ambako McGahern aliishi na kuandika, ilikuwa na watu zaidi ya 155,000 mwaka 1841. Mwaka 1996 walikuwa wamebaki 25,000 hivi. Katika miaka ya 1950 peke yake watu kama 400,000 walihama Jamhuri ya Ireland, wengi wao kwenda Uingereza kujenga barabara, kuuguza wagonjwa na kuunda magari ya watu wengine.

Kwa hiyo aliyebaki alibaki kwa sababu wengine waliondoka. Hilo ni deni, na Jamesie analijua. Ila McGahern ni mwandishi mjanja, hakutaka tumwonee Johnny huruma ya bei rahisi. Johnny hakufukuzwa na njaa. Alimfuata mwanamke, na kabla ya kuondoka aliwapiga risasi mbwa wake wawili wa kuwindia, yeye aliyekuwa na shabaha kuliko wote pale. Mtu anayeua mbwa wake hapangi kurudi.

Sasa tuchukue Luka, sura ya 15. Mahubiri ya mwana mpotevu nimeyasikia miaka yote na karibu kila mhubiri hulia na yule mdogo. Mimi nilifundisha hesabu, nikazoea kutazama mali. Mdogo alishapewa fungu lake, akalitapanya. Kilichobaki chote ni cha mkubwa, na baba mwenyewe anamwambia hivyo mlangoni. Basi ndama aliyechinjwa alikuwa wa nani? Joho lile, pete ile, viatu vile? Baba alionyesha huruma na mwana mkubwa akailipia bila kuulizwa, akiwa bado shambani. Alipata habari kwa mtumishi, baada ya kusikia ngoma.

Na mdogo, je, aliomba ndama? Kabla ya kufunga safari alijiandalia hotuba, na ndani yake aliomba kuajiriwa tu. Aliomba jembe. Akapewa pete. Mkubwa alikuwa na jembe miaka yote na hakupewa hata mwanambuzi wa kula na rafiki zake. Naona kila mmoja wao alipewa nusu ya unyumbani, na nusu hizo hazikukutana usiku ule.

Waswahili walilimaliza jambo hili zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huichukua methali hiyo kama onyo kwa mgeni mzembe. Mimi naiona kuwa ni hati ya uraia. Unapokabidhiwa jembe umeacha kuwa mgeni. Mtazame basi Johnny. Kila kiangazi nyumba inapakwa chokaa kwa ajili yake. Mary anatafuta nyama nzuri kuliko zote. Jamesie anakwenda kumpokea stesheni, na njiani wanapita baa wakanywe kidogo. Miaka nenda, miaka rudi, Johnny anakula siku mbili na siku ya tatu haifiki. Ile nyama tamu ilikuwa ya mtu anayeondoka, na mezani wote walilijua hilo.

Colm Tóibín ana jambo la kufanana na hili katika Long Island, riwaya yake ya 2024, ingawa yake ni ya mwanamke na imejaa mapenzi zaidi. Eilis, aliye katika miaka ya arobaini, anarudi kwao Enniscorthy mwaka 1976 baada ya miaka mingi Marekani, ndoa yake imepasuka. Analitazama jiko la mama yake, anakimbilia dukani, analeta friji na mashine ya kufulia. Mama anaziacha zisimame ukumbini kama zilivyoletwa. Nilicheka, kwa kuwa kijijini kwetu nimeona televisheni iliyonyamazishwa na kitambaa cha kufumwa kwa hasira ya aina hiyo hiyo. Eilis ameleta zawadi kabla ya kuuliza kuna kazi gani.

Ruttledge na mkewe Kate wao waliuliza. Waliacha kazi za matangazo London wakiwa watu wazima, wakanunua kishamba kando ya ziwa, wakaanza kufuga kondoo na ng'ombe na kukata majani makavu kwa msaada wa majirani wanaojua zaidi yao. Kate hata si mtu wa pale. McGahern anaandika anachokijua. Alizaliwa mwaka 1934. Mama yake, mwalimu, alifariki mtoto akiwa na miaka 9, na alikuwa ametamani mwanawe awe padre. Mwana akawa mwalimu na mwandishi. Mwaka 1965 kitabu chake The Dark kilipigwa marufuku nchini mwake, akapoteza kazi ya ualimu Dublin. Alizunguka, kisha katika miaka ya 1970 akarudi Leitrim na mkewe Madeline, karibu na ardhi ya mama yake, kwenye shamba dogo alilolinunua mwenyewe. Ndiyo maana, nadhani, kurudi kwake kuliwezekana. Hakuna aliyelazimika kusogea kitandani ili yeye apate pa kulala.

Dini kitabuni humo ni jambo la ajabu. Ruttledge haendi Misa kwa sababu haamini. Jamesie anamshangaa: hata wao waendao hawaamini, na wanakwenda, na yeye anapenda kuwatazama watu. Padre wangu alisema hapo McGahern ametukana Kanisa. Mimi nilimwambia Kitui pia tunao Wakristo wa namna hiyo, na wengine ni wazee wa kanisa.

Kisha Johnny anakuja likizo nyingine na kufa ghafla, akiwa nyumbani kwa Jamesie. Anayemwosha na kumvika si padre wala ndugu. Ni Ruttledge, asiyeamini, pamoja na mwanamume mwingine. McGahern anaieleza kazi hiyo polepole, kitambaa na maji na uzito wa mwili, bila kulia na bila kuhubiri. Kwangu hizo ndizo kurasa za kidini kuliko zote kitabuni. Kaburi linachimbwa, na Patrick Ryan, fundi ambaye kazi zake haziishi, anasisitiza kichwa kiwe magharibi, ili siku ya kuamka marehemu alitazame jua linalochomoza. Anapoulizwa kama kweli hilo lina maana, jibu lake ni kwamba ama lina maana yote au halina kabisa. Jirani zangu Waislamu wangemwelewa Patrick Ryan kabla yetu, maana wao hawamlazi maiti ila uso uelekee Kibla. Ninachokiona mimi ni kwamba hatimaye Johnny amepata ardhi kwao, na majirani wameshika majembe kwa ajili yake.

McGahern mwenyewe alifariki mwaka 2006, akazikwa Aughawillan kando ya mama yake.

Padre aliniandikia kutoka Kiltegan kwamba Jamesie alitenda dhambi, na kwamba tunamsamehe kwa sababu McGahern ametufanya tumpende. Naye anajua anachosema. Shamba la kwao liko kwa mpwa wake, na huko hukaribishwa chai, kwa heshima kubwa, kisha hurudishwa kwa gari kwenye nyumba ya shirika. Nilimjibu kwamba sikubaliani naye. Kukataa hakukuwa dhambi. Nyumba ni ndogo, maisha ni ya watu wawili, na katika simulizi hii baba ambaye angeweza kukimbia njiani na kugawa mali ya mwingine amekwisha kufa. Kama dhambi ipo, naiona katika ulaini wa ile barua, na katika miaka ya nyama iliyoitangulia. Jamesie alijua njia mbili tu, kumpa nyumba nzima au kumpa likizo. Kipande, chumba cha pembeni, kondoo watatu wa kuanzia, hayo hayakutajwa na yeyote, kwa maana kuyataja kungekuwa kukiri kwamba Johnny alikuwa mgeni siku zote. Johnny naye akajibu kwa adabu ileile: msihangaike, Mister Singh amenipa kazi ya kutunza nyumba zake za kupanga. Wote wakatulia. Adabu ya namna hiyo tunaijua sana Ukambani.

Kwa hiyo nilimjibu mdogo wangu kwa urefu, na mke wangu aliyasoma maneno kabla sijayatuma, akafuta mawili ya kujipendekeza. Nyumba ya mama haina paa, na hata ingekuwa nalo tungeifanya ghala letu. Shamba la chini, upande wa mwembe, ni lake kama baba alivyosema, ila matuta yameporomoka na inabidi yachimbwe upya kabla ya mvua za Oktoba. Asije na televisheni. Akija Desemba atakula mbuzi kama kawaida; akija Septemba atakuta kazi.

Akauliza kama huko chini kuna maji. Nimemwambia maji yako mtoni, na punda ni mmoja, wangu, tutapeana zamu.