Mchanga Tumboni mwa Hekalu

Huko Konark, jimbo la Odisha, mashariki mwa India, kuna hekalu la jua lililojengwa kwa umbo la gari la mungu Surya: magurudumu 24 ya mawe, na farasi saba wa kulivuta. Mfalme Narasimhadeva wa Kwanza alilijenga karne ya 13. Mnara wake mkuu ulishaanguka zamani. Kilichobaki kimesimama ni ukumbi wa mbele, na huo huwezi kuingia. Waingereza waliujaza mchanga, wakaziba milango yote, wakaweka na kibao cha kumbukumbu: 1903.

Usiwacheke. Paa la ukumbi ule halina tao. Kila safu ya mawe imejitokeza ndani kidogo kuliko iliyo chini yake, hadi zinakaribiana juu kabisa, zikishikiliwa na uzito wao wenyewe. Ukuta ukilegea, basi tena. Mchanga ulikuwa tiba rahisi, na mchanga, tofauti na zege, unaweza kutolewa. Mie ningekuwepo ningeshika koleo.

Lakini banzi la mguu uliovunjika lina siku zake. Hili limekaa zaidi ya miaka 120. Mwaka 1984 UNESCO waliliingiza hekalu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na mchanga wake tumboni. Na mchanga nao haukutulia: umeshuka, ukaacha pengo juu, kulekule kwenye mawe yaliyohitaji kushikwa.

Wapo wanaouliza: ibada haifanyiki tena pale, nakshi tunaziona nje, ndani mnatafuta nini? Tunatafuta nafasi. Hakuna anayejenga nyumba kwa ajili ya kuta. Watu walichonga mawe yale ili pawe na pahala pa kusimama, hatua chache tu kutoka kwa mungu wao. Ukipajaza, umetunza ganda.

Kinachowafunga watu mikono, nadhani, ni lawama. Jiwe moja likidondoka, aliyetia saini kazi ianze atasemwa magazetini. Aliyeiacha karatasi mezani hatajwi, ingawa naye ameamua, eti anasubiri utafiti.

Idara ya mambo ya kale ya India imekuwa ikizungumzia kuuondoa. Na uondolewe, lakini polepole, kuanzia juu. Kila unaposhuka, nguzo za chuma cha pua zishike nafasi yake, na siku jiwe likicheza, kazi isimame.