Je, Inafaa Kucheka Karibu na Mugonjwa?



Siku moja kisha ibada, mama mumoja wa kanisa alinishika mukono, akaniuliza: «Papa Shemasi, nilipomupelekea ndugu yangu chakula kule hospitali, niliwasikia ninyi wafanyakazi munacheka. Watu wanaumwa, ninyi munacheka. Ndio upendo munaotuhubiria?» Ulizo hilo lilinikaa moyoni. Leo tulichunguze pamoja.

Mimi ni musaidizi wa waganga. Sipigi sindano. Ninaosha wagonjwa, ninawageuza ili mugongo usipate vidonda, ninapeleka basini na kuirudisha. Mutu akifa usiku, mara nyingi ni mimi ninayemufumba macho.

Katika kazi hiyo kicheko kinakuja chenyewe. Muzee mumoja, chifu wa kijiji, alikataa kuoshwa: hakuna aliyemuona uchi ila mama ya watoto wake. Tulibishana sana. Mwisho akaniamuru nimuoshe nikiwa nimefumba macho. Nikafumba, nikamujaza sabuni ndani ya sikio. Akacheka mpaka kitanda kikalia: «Fumbua hata jicho moja, utaniua!» Toka siku ile aliniita «Jicho Moja», na maji hakuyakataa tena.

Lakini kuna kicheko kingine, nacho ninakiungama hapa. Usiku mumoja kijana alichafua kitanda mara tatu. Nilipotoka inje ya chumba, nilimuonyesha mwenzangu namna kijana alivyoniita, nikiiga sauti yake. Tukacheka. Mulango ulikuwa wazi. Asubuhi kijana akakataa uji. Mama yake, aliyelala chini karibu na kitanda, akaniambia pole pole: «Hataki kula, ili asiwachokeshe tena.» Nilipiga magoti, nikaomba musamaha. Akageukia ukuta. Siku ya ine akafa, nami nikamuosha. Sijabeba maji mazito kama yale.

Neno la Mungu linasema nini? Katika nyumba ya Yairo, Marko 5, watu walimucheka Yesu mahali mutoto alipolala. Yeye aliwatoa wote inje mbele ya kumushika mutoto mukono. Lakini katika Mwanzo 21, Sara aliyezaa katika uzee alisema kwamba Mungu ndiye aliyemupa kicheko, na kila atakayesikia atacheka pamoja naye. Hata jina la Isaka linatoka kwa kucheka. Basi Mungu hachukii kicheko. Anaangalia kicheko hicho kinamuacha nani inje.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kicheko ambacho mugonjwa ana sehemu yake ndani ni dawa. Kicheko kinachohitaji mulango ufungwe ni kidonda kipya juu ya vile alivyo navyo.

Mwingine atasema: wafanyakazi wamechoka, mushahara haufiki, wasipocheka watalia. Ni kweli, nami ni mumoja wao. Lakini uchovu unaeleza kosa, hauliondoi. Tucheke taabu zetu wenyewe. Haya ya mutu aliyelala kitandani si mali yetu.

Tarehe 6 Aprili 1921, Papa Simon Kimbangu alimuwekea mama Kiantondo mikono katika jina la Yesu. Kazi kubwa ile ilianza na mugonjwa mumoja, na mikono juu yake. Sisi tunaosema kila siku upendo, amri na kazi, tusizarau mikono inayobeba basini. Na sisi wenye mikono hiyo, tuchunge pia kinywa chetu.

Mama, uliyeniuliza, ninakushukuru. Ukisikia tena tunacheka, usipite. Ingia, uangalie uso wa mugonjwa. Kama naye anacheka, kaa pamoja nasi. Kama amegeukia ukuta, utukemee mara moja, mbele yake, angali anaweza kusikia tukiomba musamaha.

Mungu awabariki. Amina.

Shemasi wenu